Mtoto wa kati anapokosa zamu yake

Mtoto wa kwanza ana jina lake, kifunguamimba. Wa mwisho naye analo, kitindamimba au mziwanda. Waliozaliwa katikati yao huitwa tu "wa kati", au hutajwa kwa namba: wa pili, wa tatu, wa nne.

Chukua mfano wa nyumba yenye watoto watano huko Myamba, kwenye Milima ya Upare wilayani Same. Januari shule zinafunguliwa na asubuhi kuna ukungu na baridi. Mtoto wa kwanza amenunuliwa sweta jipya kwa sababu hana wa kumrithi. Wa mwisho bado yuko mgongoni kwa mama. Wa tatu anavaa sweta lililopita kwa kaka, likapita kwa dada, na sasa viwiko vimetoboka.

Jioni zamu ya maji ya ndiva inafika. Wa kwanza ana mtihani, wa mwisho hawezi. "Nenda wewe, mwanangu," anasema mama, na wa tatu anaenda. Tangawizi ikiuzwa, fedha zinaanzia kwa anayekwenda sekondari, kisha dawa ya mdogo. Yeye anaambiwa asubiri msimu ujao.

Hakuna aliyepanga kumwonea, na ukimuuliza baba atasema anawapenda wote sawa. Lakini jumlisha sweta, maji na msimu ujao kwa miaka kumi, utaona kwa nini mtoto huyu siku moja anajibu kwa hasira jambo dogo, na wote wanashangaa.

Tena si mtoto mmoja mmoja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8. Katika nyumba ya watoto watano, watatu ni wa kati. Ndio wengi.

Kupokonywa ziwa mapema

Zamu ya kwanza ambayo mtoto hupoteza ni ya ziwa la mama. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Ghana miaka ya 1930, aliwakuta watoto waliovimba miguu na uso, nywele zikibadilika rangi. Wenyeji waliozungumza Kiga walikuwa na jina la ugonjwa huo: kwashakoo, maradhi yanayompata mtoto anapozaliwa mwenzake. Mwaka 1935 Dk Williams aliliandika jina hilo katika jarida la kitabibu la Lancet, nalo likaenea dunia nzima. Kwa Kiswahili tunauita pia unyafuzi.

Huku kwetu mtoto akidhoofika mama anapopata mimba nyingine, majirani husema "amebemendwa", na lawama zote humwangukia mama. Kitabibu, kinachomwumiza mtoto ni kuachishwa ziwa ghafla, kupewa uji mtupu wa mahindi, na kukosa mtu wa kukaa naye anapokula.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri wazazi wasubiri angalau miezi 24 baada ya mtoto kuzaliwa kabla ya kutafuta mimba nyingine, na mtoto anyonye hadi afike miaka miwili au zaidi. Mimba ikija mapema, wanawake wengi wanaweza kuendelea kunyonyesha, ila ni vizuri kuzungumza na mhudumu wa kliniki kwanza. Mtoto apewe bakuli lake mwenyewe: makande yaliyopondwa, maharage, yai, maziwa, parachichi. Akila sahani moja na wakubwa, wenye mikono mirefu watamaliza.

Je, tabia yake inatokana na nafasi?

Wazazi wengi wanaamini kuwa wa kwanza huzaliwa kiongozi, wa mwisho huzaliwa na deko, na wa kati ni mkaidi au mpole kupita kiasi. Aliyeeneza fikra za namna hii katika saikolojia ni Alfred Adler, daktari wa Austria aliyezaliwa mwaka 1870, naye mwenyewe akiwa mtoto wa pili. Alisema wa pili hukua akimkimbiza aliye mbele yake.

Mwaka 2015 watafiti kutoka Ujerumani walichambua taarifa za watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani. Katika uchangamfu, upole, bidii na utulivu wa moyo, nafasi ya kuzaliwa haikuleta tofauti ya maana. Utafiti mwingine wa Canada, uliochapishwa mwishoni mwa 2024 na kuhusisha watu zaidi ya 700,000, uliwakuta watoto wa kati wakiwa juu kidogo katika uaminifu na kuelewana na wenzao. Hata hivyo, sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na kukulia katika familia kubwa.

Sababu moja haitoshi

Kupenda sababu moja si kwa watoto tu. Baada ya uchaguzi, kila kijiwe huwa na jibu moja la kwa nini chama fulani kimeshinda: ahadi, fedha, au mgombea. Mwaka 2015 John Magufuli wa CCM na Edward Lowassa wa Chadema wote waliahidi elimu bure. Magufuli alishinda kwa asilimia 58.46. Ahadi ambayo wote wawili waliitoa haiwezi peke yake kueleza kwa nini mmoja alishinda.

Mwaka huohuo Jimbo la Same Mashariki, ambamo Myamba imo, lilimchagua Naghenjwa Kaboyoka wa Chadema, na Anne Kilango Malecela wa CCM akapoteza kiti. Mwaka 2020 Kilango akakirudisha kiti hicho. Milima ni ileile. Anayetaka kuelewa matokeo hana budi kuuliza mengi: nani alijitokeza kupiga kura, nani aliona amesahauliwa, nani alisikilizwa.

Maswali hayo ndiyo ya kuuliza nyumbani. Badala ya "huyu ni mkaidi kwa sababu ni wa kati", mzazi ajiulize: mara ya mwisho nilimsikiliza lini akiwa peke yake?

Mzazi afanye nini?

Mpe muda usiogawanywa. Dakika kumi njiani kutoka shambani, mkiwa wawili tu, zinatosha kuanzia.

Zungusha kazi na haki. Kama maji ya ndiva yana zamu, kazi za nyumbani nazo ziwe na zamu, na kitu kipya kiwe na zamu. Mwaka huu sweta jipya linaweza kuwa la wa tatu.

Acha kumlinganisha. "Kaka yako alikuwa wa kwanza darasani" humwonyesha kaka yake, wala haimwonyeshi yeye.

Mtazame anayenyamaza. Mtoto asiyesumbua husahaulika kirahisi. Akibadilika ghafla, akiacha kula, akijitenga, akishuka shuleni au akisema hana faida, usimchape wala usingoje msimu upite. Zungumza naye, kisha mfikishe kituo cha afya.

Na akirudi jioni na jembe begani, matope miguuni, mwite kwa jina lake kabla hujamtuma tena. "Pole na kazi, mwanangu. Kaa kwanza, ule." Kisha mtume mwingine.