Bao la fainali lina bei, na Lukafu ina fungu lake

Tarehe 8 Novemba 2015, katika uwanja wa TP Mazembe pale Kamalondo, Mbwana Samatta aliweka mpira kwenye alama ya penalti dakika ya 75. Mazembe walikuwa wametoka Algiers na ushindi wa 2-1, na huko pia alikuwa amefunga. Akamtungua kipa wa USM Alger, Roger Assalé akaongeza la pili mwishoni kabisa, na kombe la tano la klabu bingwa Afrika likabaki Lubumbashi pamoja na dola milioni 1.5 za CAF. Januari 2016 Samatta akatawazwa mjini Abuja kuwa mchezaji bora wa Afrika anayecheza barani. Kabla mwezi haujaisha alikuwa ameshatia saini Genk, Ubelgiji.

Biashara ya mpira ya Lubumbashi inauza bidhaa moja kuu, nayo ni bao la fainali. Uwanja wa Kamalondo una nafasi ya watu wapatao 18,500. Hata ukijaa kila wiki, tiketi haziwezi kubeba mishahara ya kikosi chenye Wazambia, Watanzania na Waivory Coast. Fedha ya maana hutoka kwenye zawadi za mashindano, mauzo ya wachezaji na mfuko wa tajiri.

Mfuko huo una historia ndefu. Klabu ilianzishwa na mapadri Wabenediktini mwaka 1939, na kwa miaka mingi ikaitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi. Wapinzani wao wa mjini, Saint-Éloi Lupopo, ni watoto wa reli. Moïse Katumbi alipoishika Mazembe mwaka 1997, fedha ikaanza kutoka migodini, kupitia MCK, kampuni yake ya ukandarasi wa machimbo aliyoiuza mwaka 2015. Matairi, reli, shaba: mpira wa Katanga umekula siku zote kwa mkono wa sekta nyingine. Mimi hili linanitia wasiwasi kuliko kufungwa na Lupopo, kwa sababu mkono huo ukivutwa hakuna anayejua chakula kitatoka wapi. Katumbi mwenyewe alikaa nje ya nchi kuanzia 2016 hadi 2019, na enzi ya makombe makubwa ya Afrika kwa timu ya wanaume iliishia na Kombe la Shirikisho la 2017.

Kipimo cha thamani ya bao ni Kombe la Dunia la Klabu, Abu Dhabi, Desemba 2010. Bao moja la Bedi Mbenza liliwatoa Pachuca wa Mexico. Siku nne baadaye, dhidi ya Internacional wa Brazil, Kabangu akautuliza mpira ndani ya boksi na kuupindisha hadi kona ya mbali. Kaluyituka akamhangaisha beki wake na kumaliza kazi dakika ya 85, huku kipa Kidiaba akidunda kwa makalio golini kwake. Mazembe ikawa klabu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini kufika fainali ya dunia. Inter Milan wakashinda 3-0, lakini mshindi wa pili alipata dola milioni 4. Mashindano hayo yalipopanuliwa mwaka 2025, kila klabu ya Afrika iliyoshiriki ilipewa dola milioni 9.55 hata kabla mpira haujapigwa. Mazembe hawakuwamo.

Zawadi huja na kwenda. Kipato ambacho mkoa wetu umekipuuza ni kile kinachofuata nyuma ya mchezaji. Januari 2020 Aston Villa walimnunua Samatta kutoka Genk kwa bei iliyotajwa kuwa kama pauni milioni 8.5. Wiki chache baadaye, Machi 1, dakika ya 41 pale Wembley, akajirusha mzima mzima kuifuata krosi ya Anwar El Ghazi na kufunga kwa kichwa katika fainali ya Kombe la Ligi, ingawa Manchester City walishinda 2-1. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya bei kama hiyo igawiwe klabu zilizomlea mchezaji kuanzia mwaka wa miaka 12 hadi wa 23: asilimia 0.25 kwa kila mwaka hadi wa 15, kisha 0.5 kwa kila mwaka unaofuata. Mazembe walikaa naye misimu minne na nusu ndani ya umri huo. Kwa hesabu hiyo fungu lao ni asilimia 2.25, karibu pauni 190,000, na klabu zake za Dar es Salaam zina mafungu yao.

Sasa tuje Lukafu, chini ya milima ya Kundelungu. Gunia la mahindi au la makaa likitoka huko kwenda Lubumbashi hukaguliwa kwenye kizuizi, hulipiwa, na mwenyewe hujulikana. Mtoto mwenye mguu wa kulia wa hatari hupanda gari hilohilo bila karatasi yoyote. Akifika mjini hupewa leseni yake ya kwanza akiwa na miaka 16 au 17, na kwa macho ya FIFA maisha yake ya mpira yameanza siku hiyo. Kocha aliyemfundisha kupiga kwa miguu yote miwili hayumo kwenye kumbukumbu.

Hasara yake inahesabika. Klabu yenye leseni ya mtoto kwa miaka minne, wa 12 hadi wa 15, inadai asilimia moja ya bei. Mchezaji huyo akihamishwa nje kwa dola milioni 10, asilimia hiyo ni dola 100,000. Na deni hufufuka kila anapouzwa tena kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha.

Kwa mabinti safari ya kutoka fainali hadi Ulaya imekuwa fupi zaidi. Novemba 2024 Mazembe ya wanawake iliifunga AS FAR 1-0 nchini Morocco na kutwaa ubingwa wa Afrika, na Januari iliyofuata Merveille Kanjinga akahamia Paris Saint-Germain.

Ili Lukafu ipate fungu lake, kazi ya kuanzia ni ya mezani. Timu ya Lukafu iandikishwe kwenye ligi ya mkoa, LIFKAT, na kupitia hapo kwa shirikisho la soka la Kongo, FECOFA. Watoto wapewe vyeti vya kuzaliwa na leseni mpya kila msimu. Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia kituo maalumu cha FIFA kilichopo Paris, ambacho husoma pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji na kulipa klabu zilizotajwa humo. Kituo hicho huchunguza kila klabu kabla ya kulipa, na hutuma fedha kwenye akaunti ya benki yenye jina la klabu, si jina la rais wake.