Semei Kakungulu: jemadari aliyeamua kuwa Myahudi

Ukiondoka Kibara ukapita Bunda na Musoma, ukavuka mpaka pale Sirari, ukafuata barabara ya Kisumu hadi Busia na Tororo, utafika Mbale, mji wa Uganda ulio chini ya Mlima Elgon. Kando ya mji huo kuna kilima kinachoitwa Nabugoye. Ijumaa jua likizama, watu hukusanyika pale kuimba zaburi kwa Kiebrania na Kiganda. Wengi wao ni wakulima, wanalima kahawa, ndizi na mihogo kama majirani zao. Dini yao ni ya Kiyahudi, nao wanajiita Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda.

Wengi wetu tukisikia neno Wayahudi tunafikiria Israeli, au watu tunaowasoma katika Biblia. Hawa wa Mbale hawakutoka Israeli. Babu zao ni Waafrika wa hapa hapa Afrika Mashariki, na waliingia dini hiyo kwa uamuzi wa mtu mmoja aliyekuwa jemadari wa vita. Katika makala hii tunaeleza alikuwa nani, kwa nini aliamua hivyo, na uamuzi wake umewafikisha wapi watu waliomfuata.

Mtu huingiaje dini ya Kiyahudi?

Katika Kiswahili, mtu akiingia Uislamu tunasema amesilimu. Akiingia Ukristo tunasema amebatizwa. Kwa anayeingia dini ya Kiyahudi hatuna neno la mkato, labda kwa sababu jambo lenyewe ni nadra.

Wayahudi hawana desturi ya kupita nyumba kwa nyumba kutafuta waumini. Mtu akimwendea rabi, ambaye ndiye mwalimu wa dini yao, na kusema anataka kujiunga, desturi ya zamani ni rabi kumkatisha tamaa kwanza ili aone kama kweli ana nia. Akishikilia, anafundishwa kwa muda mrefu: sala, sikukuu, vyakula, na namna ya kuishika Sabato. Kisha anasimama mbele ya baraza la watu watatu wanaomhoji. Mwanamume hutahiriwa, na kama alishatahiriwa hutolewa tone moja la damu. Mwisho anazama mwili mzima ndani ya maji. Akitoka majini ni Myahudi sawa na aliyezaliwa humo, na sheria yao inakataza kumsimanga kwa alikotoka.

Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Ruthu, mwanamke Mmoabu aliyemfuata mama mkwe wake na kuungana na watu wake. Huyo alikuja kuwa mama wa babu yake Mfalme Daudi. Karne iliyopita, mwigizaji Marilyn Monroe wa Marekani aliingia dini ya Kiyahudi mwaka 1956, Elizabeth Taylor mwaka 1959, na mwimbaji Mweusi Sammy Davis Jr. mwaka 1961. Hao wote walikuwa na marabi wa kuwafundisha. Semei Kakungulu hakuwa na rabi hata mmoja. Alikuwa na kitabu tu.

Jemadari aliyekosa ufalme

Kakungulu alizaliwa miaka ya 1860, akakulia katika mambo ya Buganda, akabatizwa Mprotestanti. Katika vita vya dini vilivyoitikisa Buganda mwishoni mwa karne ile alijipatia jina kama mpiganaji hodari. Waingereza walipoingia alishirikiana nao. Mwaka 1899 alikuwa miongoni mwa walioongoza kikosi kilichowakamata Kabaka Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro, wafalme wawili waliokuwa wakipambana na Waingereza.

Baada ya hapo aliingia na jeshi lake mashariki mwa Uganda, akajenga ngome, akafungua barabara, akaweka watawala wake. Mji wa Mbale ulianza kukua kutokana na makazi yake. Mwenyewe aliamini kwamba Waingereza watamfanya mfalme wa nchi hizo. Hawakumfanya. Walimpunguzia madaraka hatua kwa hatua, wakamhamishia Busoga kama rais wa baraza la machifu kuanzia mwaka 1906, na mwaka 1913 kazi hiyo nayo ikaisha. Alirudi Mbale akiwa na ardhi, ng'ombe na wafuasi, lakini ufalme hakuupata.

Wapo wanaosema aliwaacha Waingereza na dini yao kwa sababu ya kinyongo. Huenda kinyongo kilikuwepo. Lakini mtu mwenye kinyongo angeweza kuchukua njia rahisi zaidi. Aliyoichagua Kakungulu ilimgharimu heshima hata kwa watu wake mwenyewe.

Kisu cha mwaka 1919

Biblia nzima kwa Kiganda ilikuwa imekamilika mwaka 1896, na Kakungulu aliisoma mwenyewe. Kwanza alijiunga na dhehebu la Wamalaki, lililoanzishwa na Malaki Musajjakawa. Hao waliishika Jumamosi na kukataa dawa za hospitali na chanjo, jambo lililowakorofisha na serikali ya kikoloni.

Kadiri alivyoendelea kusoma, Kakungulu alivutwa zaidi na vile vitabu vitano vya Musa. Aliona humo amri ya tohara, naye akaona ni amri ya kutiiwa. Ili kuelewa uzito wake, tukumbuke mila za kwetu. Kwa Wakurya, tohara ndiyo inayomfanya kijana ahesabiwe mtu mzima. Wagisu wanaoishi kuzunguka Mbale nao wanatahiri. Lakini kwa Waganda tohara haikuwa mila. Mtu mzima, tena jemadari, kujitahiri lilikuwa jambo la kushangaza.

Wamalaki walimpinga. Simulizi za Abayudaya zinasema waliambiwa kwamba wanaofanya hivyo ni Wayahudi, naye akajibu kwamba kama ndivyo, basi wao ni Wayahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye pamoja na wanawe, akajitenga na Wamalaki, akahamia Gangama chini ya Mlima Elgon na kuanzisha jumuiya yake. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha Kiganda chenye kurasa kama 90, kilichowaelekeza watu wake namna ya kusali na kuzishika amri.

Mwanzoni mambo yalikuwa yamechanganyika. Baadhi ya desturi za Kikristo ziliendelea, maana hapakuwa na wa kuwasahihisha. Katika miaka ya 1920 alifika kwao Myahudi mgeni wanayemkumbuka kwa jina la Yusufu. Alikaa nao miezi kadhaa, akawafundisha kalenda ya sikukuu na sheria za chakula, kisha akaondoka. Kakungulu alifariki mwezi Novemba 1928. Waliobaki waligawanyika: wapo waliorudi kwenye Ukristo, na wapo walioendelea wakiongozwa na Samson Mugombe.

Je, ni Wasabato?

Hapa Mara Wasabato ni wengi, kwa hiyo swali hili ni la haki. Yapo mambo yanayofanana. Wote wanaanza Sabato Ijumaa jua likizama na kuimaliza Jumamosi jioni. Wote wanaacha nyama ya nguruwe. Hata samaki wa ziwa letu wanawagawa namna moja: sato na sangara wanaliwa kwa kuwa wana mapezi na magamba, kambale haliwi kwa kuwa hana magamba.

Tofauti iko kwenye msingi. Wasabato ni Wakristo, wanamwamini Yesu kuwa Mwokozi na wanalishika Agano Jipya. Abayudaya wanashika Torati na vitabu vya manabii, na Agano Jipya si sehemu ya maandiko yao. Pasaka yao inakumbuka wana wa Israeli kutoka Misri.

Miaka ya Idi Amin

Idi Amin alichukua nchi mwaka 1971. Mwaka uliofuata aliwafukuza Waisraeli waliokuwa Uganda, na baadaye akapiga marufuku ibada ya Kiyahudi. Masinagogi, yaani nyumba zao za ibada, yalifungwa. Wengi waliona heri kuingia Uislamu au Ukristo kuliko kukamatwa. Waliobaki walisali kwa siri majumbani, kwa sauti ya chini. Jumuiya iliyokuwa na watu wapatao 3,000 ilibaki na kama 300.

Hapa historia yao inakutana na yetu. Majeshi ya Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, Mwalimu Nyerere alitangaza vita. Divisheni ya 20 ya Jeshi la Wananchi iliongozwa na David Musuguri, mzaliwa wa Butiama. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Kwa kalenda ya Kiyahudi, jioni ya siku hiyo ndiyo Pasaka ilianza. Abayudaya hawajasahau kwamba uhuru wao wa kusali ulirudi usiku uleule wa kukumbuka kutoka utumwani. Wazee wetu waliokwenda vita vile huenda hawakujua kwamba walikuwa wanawafungulia mlango watu hao pia.

Kutoka kilimani hadi bungeni

Miaka ya 1980 vijana wa Nabugoye waliamua kuifufua jumuiya. Waliishi pamoja, wakalima pamoja, wakajifunza Kiebrania, wakawarudia wazee kuuliza nyimbo na sala. Miongoni mwao walikuwa Joab Jonadab Keki na mdogo wake Gershom Sizomu.

Keki alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, siku majengo pacha yaliposhambuliwa. Aliporudi nyumbani aliwaza chuki ya dini inavyoweza kuua, na mwaka 2004 akawaita majirani zake Waislamu na Wakristo waanzishe pamoja ushirika wa kahawa. Waliuita Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu. Wakulima wa dini tatu wakawa wanauza kahawa yao kwa pamoja.

Sizomu alikwenda Los Angeles mwaka 2003 kusomea urabi, akahitimu mwaka 2008 na kurudi Mbale. Mwaka 2016 wananchi wa Bungokho Kaskazini walimchagua kuwa mbunge wao. Wengi wa wapiga kura hao ni Wakristo na Waislamu.

Nani wa kusema wewe ni nani?

Limebaki swali moja gumu. Kakungulu alijitangaza mwenyewe kuwa Myahudi. Hapakuwa na baraza la watu watatu wala rabi. Kwa hiyo Wayahudi wengine duniani waliuliza: hawa ni Wayahudi kweli?

Mwaka 2002 marabi wa mkondo wa Konsavativu walifika Mbale, wakawahoji watu wapatao 400, wakawazamisha majini na kuwapokea rasmi. Baadhi ya wazee waliona kama dharau: tumeishika Sabato tangu utotoni, tumefungiwa sinagogi kwa ajili yake, leo tunaambiwa tuingie upya? Wengi walikubali, ili watoto wao wasije wakaulizwa tena. Hata hivyo, mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ilimkatalia mmoja wa Abayudaya ombi la kuhamia huko kwa haki wanayopewa Wayahudi. Wapo pia, hasa katika kijiji cha Putti, waliochagua mkondo wa Othodoksi ulio mkali zaidi.

Majibu ya ofisi yanaweza kubadilika mwaka hadi mwaka. Abayudaya wenyewe hawakusubiri majibu hayo ndipo waendelee. Kakungulu alikuwa na bunduki, ardhi na jina kubwa, na karibu vyote vilimponyoka. Kilichodumu ni kile alichokisoma akakitii, na kilidumu kwa sababu wakulima wasio na jina walikishika wakati kukishika kulikuwa hatari. Leo wanakadiriwa kuwa kama 2,000, kule kule chini ya Mlima Elgon, majirani wa ziwa letu.