Mlo wa Bure Shuleni: Ni Nani Anayelipa?

Ukipata swali la insha kuhusu mpango wa serikali wa kuwapa wanafunzi chakula cha mchana, huenda kitakachokushinda si lugha bali hoja. Nimesahihisha insha nyingi za mazoezi kuhusu mada hii. Karibu zote husema kwamba mpango una manufaa chungu nzima: watoto hushiba, huja shuleni, hupita mtihani. Baada ya hapo mtahiniwa anarudia maneno yaleyale kwa njia nyingine hadi maneno 400 yatimie. Ili usinaswe hapo, shika swali moja: chakula kinachoitwa cha bure kinalipiwa na nani? Ukilifuata hilo utaona kwa nini mipango mingine hudumu na mingine hufa.

Tuanze na historia ya hapa Kenya. Mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba wanafunzi wa shule za msingi watapewa maziwa bila malipo. Yakaitwa Maziwa ya Nyayo. Mtoto alipata pakiti ya mililita 200 mara mbili kwa wiki, na ukimuuliza mzazi au mjomba wako aliyesoma wakati huo, huenda akakueleza jinsi zile pakiti za pembetatu zilivyogombaniwa. Mlipaji alikuwa mmoja tu, yaani serikali kuu. Katika miaka ya 1990 mpango huo ulififia hadi ukakoma.

Chakula cha mchana chenyewe kilianza kwa njia tofauti. Mwaka 1980 serikali, ikishirikiana na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ilianza kuwalisha wanafunzi hasa katika maeneo kame. Mtoto alipimiwa takriban gramu 150 za nafaka, gramu 40 za maharagwe au mbegu nyingine za jamii ya kunde, gramu 5 za mafuta na chumvi kidogo. Kwa vipimo vya nyumbani hiyo ni sahani ya githeri isiyo na mbwembwe. Sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na wafadhili. Hapa mlipaji alikuwa mgeni, na mgeni akipungukiwa au akiitwa kwenye njaa kubwa zaidi kwingine, sufuria yako ndiyo inayokauka.

Ndiyo maana mwaka 2009 ni muhimu. Mwaka huo serikali ilianza kuwachukua watoto zaidi ya 500,000 kutoka kwa shirika hilo na kuwalisha kwa fedha zake yenyewe. Badala ya kupeleka magunia, ilituma fedha kwenye akaunti ya shule. Kamati ya shule, yenye wazazi na walimu, ilitangaza zabuni, na wafanyabiashara na wakulima wa karibu wakauza mahindi na maharagwe. Kufikia 2018 shirika lilikuwa limekabidhi serikali watoto wote waliosalia. Elewa faida ya utaratibu huu vizuri, maana ndipo penye alama: shilingi ileile inamlisha mwanafunzi na pia inampa mkulima soko la uhakika. Sasa tazama udhaifu wake. Ukame ukija, bei ya mahindi hupanda ilhali fedha za kila mtoto hazipandi, hivyo chakula huisha kabla ya muhula kuisha. Na katika kaunti kama Turkana na Mandera, ambako kilimo cha mvua ni cha kubahatisha, nafaka inatoka mbali hata kama anayeiuza ni jirani. Fedha zikichelewa kutoka Nairobi, ghala huwa tupu hata mwaka wa neema.

Kuna gharama nyingine ambayo watahiniwa huisahau kabisa. Nafaka haijipiki. Inahitaji kuni, maji, masufuria, ghala lisilovuja na mpishi anayelipwa mwisho wa mwezi. Mara nyingi mambo haya huachiwa wazazi. Karibu na shule niliyoanzia kazi palikuwa na shule ya msingi ambako kila mtoto alifika asubuhi na kijiti cha kuni na kidumu cha maji. Kuna wakati magunia yalikaa ghalani wiki mbili bila kufunguliwa kwa sababu mpishi alikuwa ameacha kazi kwa kutolipwa. Kwenye karatasi za ofisini, watoto hao walikuwa wanapata chakula.

Jiji la Nairobi lilijaribu jibu jingine mwaka 2023 kupitia mpango wa Dishi na Kaunti, unaoendeshwa na serikali ya kaunti pamoja na shirika la Food4Education lililoanzishwa na Wawira Njiru. Chakula hupikwa katika majiko makuu na kusambazwa shuleni kwa magari. Mzazi hulipa shilingi 5 kwa mlo kupitia simu, mtoto huvaa bangili ya kielektroniki ambayo huigusisha kwenye kifaa, kisha anapakuliwa. Gharama inayobaki hulipwa na kaunti na washirika wake. Kwa maneno mengine, si bure. Ni chakula chenye ruzuku. Ukiandika kwamba wanafunzi wa Nairobi hula bure, utakuwa umekosea.

Uhindi ilienda mbali zaidi. Tarehe 28 Novemba 2001 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru serikali za majimbo ziwape wanafunzi wa shule za msingi za umma mlo uliopikwa, wenye angalau kalori 300 na gramu 8 hadi 12 za protini, kwa siku zisizopungua 200 kwa mwaka. Kabla ya hapo majimbo mengi yaligawa nafaka mbichi ya kubeba nyumbani. Amri ya mahakama ilibadilisha swali letu: mlipaji hakuwa tena mtu wa kuombwa, bali mtu wa kudaiwa.

Je, chakula hicho huinua masomo? Hapa usikimbilie kusema ndiyo. Christel Vermeersch na Michael Kremer walifanya utafiti katika shule za chekechea magharibi mwa Kenya, eneo la Busia na Teso. Katika shule zilizopewa uji, mahudhurio yalikuwa asilimia 35.9, na zile zisizopewa asilimia 27.4. Lakini alama za mtihani zilipanda tu pale ambapo mwalimu alikuwa na uzoefu tangu awali, na muda wa kufundisha ulipungua kwa sababu ya kupika na kugawa. Uji ulimleta mtoto darasani. Kumfundisha kulibaki kwa mwalimu. Utafiti mwingine, uliofanyika Embu, uliangalia kilichomo ndani ya sahani. Watoto walioongezewa nyama katika githeri yao walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya kufikiri kuliko wenzao wa makundi mengine. Kwa hiyo usiandike "chakula" tu kana kwamba vyakula vyote ni kimoja. Neno lishe lipo kwa sababu hiyo: mtu anaweza kushiba na bado akakosa lishe.

Zoezi. Wewe ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi katika shule ya msingi ambayo hupokea mahindi na maharagwe kutoka kwa serikali, lakini haina mpishi wala kuni. Mwandikie mkurugenzi wa elimu wa kaunti barua rasmi ukimweleza kwa nini gharama za kupika zinafaa kuingizwa katika bajeti ya mpango huo. (Maneno 400)