Hori ya Saruji ya Kupandia Mboga

Wakati wa kiangazi mama wa nyumbani hutaabika sana kwa ajili ya mboga. Huchota maji mbali, huyamwaga bustanini, na ardhi yenye kiu huyanywa kabla mizizi haijapata sehemu yake. Lakini mboga zilizopandwa katika chombo karibu na mlango hutosheka na maji machache, hata yale yaliyooshea mchicha. Shida ni chombo chenyewe: cha mbao huliwa na mchwa, na cha udongo huvunjika. Kwa hiyo twataka kueleza habari za hori ya saruji.

Jambo hili si geni. Huko Ufaransa alikuwako mtunza bustani, jina lake Joseph Monier, aliyezaliwa mwaka 1823. Yeye naye aliona taabu hiyo hiyo, kwamba mbao zaoza na udongo wapasuka. Akafanya vyombo vya saruji vya kupandia, akatia ndani yake wavu wa chuma, na mwaka 1867 akapewa hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake. Mwaka 1875 akajenga daraja kwa njia hiyo huko Chazelet. Baadaye mafundi wa nchi nyingi wakaifuata, wakainua majumba makubwa; bali Monier mwenyewe alikufa mwaka 1906 katika umaskini. Basi msomaji apitaye juu ya daraja la zege na akumbuke kwamba mojawapo ya asili zake ni chombo cha bustani.

Sababu ya kutia chuma ni hii: zege hustahimili sana kubanwa, ila likivutwa hupasuka upesi, chuma hustahimili kuvutwa. Vikishikamana, kila kimoja husaidia udhaifu wa mwenzake.

Sasa tuitazame kazi. Fanya sanduku la mbao lisilo na kifuniko, ambalo ndani yake lina urefu wa inchi 24, upana wa inchi 12 na kina cha inchi 9. Fanya na la pili, ambalo nje yake lina urefu wa inchi 20, upana wa inchi 8 na kina cha inchi 7. Paka mafuta mbao zote zitakazogusa zege.

Pima kwa chombo kimoja: saruji 1, mchanga 2, kokoto ndogo 3. Mchanga uwe safi, wala usiwe wa pwani ya bahari, kwa maana chumvi hukilisha chuma kutu. Changanya vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, kisha tia maji kidogo kidogo. Zege likiwa jepesi kama uji halitakuwa na nguvu. Saruji huunguza ngozi, na vumbi lake hudhuru mapafu; basi usiishike kwa mikono mitupu, na watoto wakae mbali.

Simamisha vijiti vinne vilivyopakwa mafuta chini ya sanduku kubwa, ili vifanye matundu ya kutokea maji. Mwaga zege unene wa inchi 1, laza wavu wa waya wa kuku uliokunjwa kupanda pande zote, kisha ongeza inchi 1 nyingine. Weka sanduku dogo katikati, ujaze pande zake huku ukishindilia kwa kijiti. Wavu ukae katikati ya zege, usichungulie nje.

Hapa ndipo wengi huharibu kazi yao kwa haraka. Hudhani saruji hupata nguvu kwa kukauka juani. Sivyo, hupata nguvu kwa kuungana na maji, na ikikauka mapema hubaki dhaifu. Funika hori kwa magunia mabichi, uyanyunyizie kila siku kwa muda wa siku 7. Siku ya pili toa sanduku dogo na vijiti polepole. Siku ya tatu ondoa mbao za nje.

Saruji mpya ina ukali kama wa chokaa, nao hudhuru mizizi michanga. Ziba matundu, jaza maji, uyamwage baada ya siku moja. Fanya hivyo mara kadhaa katika majuma mawili. Hori hii ina uzito wa zaidi ya kilo 50, basi ichukuliwe na watu wawili, na kuwekwa juu ya mawe ili maji yatoke chini. Funika matundu kwa vigae, tia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, ukapande mchicha au vitunguu.

Mfuko wa saruji hununuliwa kwa jasho. Walimu wawezao kuwakusanya wanafunzi na wafanye hori ya kwanza pamoja, kusudi kila mtoto arudi kwao akiijua kazi hii kwa mikono yake.