Siku Benki za Ogden Zilipotaka Kuzama

WAHENGA walinena kwamba moja shika, si kumi nenda uje. Mtu aliyeweka akiba yake benki, akisikia sokoni kuwa benki ile inayumba, hangoji kuambiwa mara ya pili. Huvaa viatu vyake akaenda kudai kilicho chake, wala hapana awezaye kumlaumu. Lakini mji mzima ukivaa viatu asubuhi moja, benki nzima huanguka pamoja na ile iliyooza, na wa mwisho kwenye mlolongo hurudi nyumbani mikono mitupu.

Kisa cha leo, ndugu msomaji, ni cha mji uliopitiwa na siku ya namna hiyo ukaokoka. Mji wenyewe ni Ogden, katika jimbo la Utah huko Marekani, na mwaka ni 1931.

Ogden ulikuwa mji wa watu wapatao 40,000 tu, umelala chini ya milima ya Wasatch, mahali njia za reli zilipokutana. Wenyeji wengi walikuwa wafuasi wa dhehebu la Mormon. Walioishi kwa jembe na mifugo waliuza mazao yao, na walioishi kwa mshahara walifanya kazi katika reli, viwanda na maduka. Kila mmoja alikuwa na kijitabu chake cha akiba, na ndani yake mliandikwa jasho la miaka.

Benki mbili za mji huo ziliongozwa na kijana wa jamaa iliyojulikana sana, Marriner Eccles. Babake, David Eccles, alitoka Scotland akiwa mtoto wa watu fukara, akapata utajiri kwa mbao, sukari na reli. Alikuwa na wake wawili na watoto 21. Alipofariki mwaka 1912, Marriner alikuwa na umri wa miaka 22, naye ndiye aliyekuwa mkubwa katika watoto tisa wa mke wa pili. Chuo kikuu hakukiona. Lakini ilimbidi abebe mzigo wa kusimamia fungu la mirathi la mamake na wadogo zake. Kwa hiyo kabla hajawa mtu wa benki, alikwisha kujua uzito wa kushika mali ya mayatima.

DHIKI INAINGIA

Mwezi wa Oktoba 1929 bei za hisa zilianguka mjini New York, na baada ya hapo kila kitu kikafuata. Bei ya ngano ilishuka, bei ya sufi ikashuka, na bei ya ng'ombe hali kadhalika. Mkulima aliyekopa akitumaini mavuno aliyapata mavuno, lakini hakupata mnunuzi wa kumlipa bei ya kutosha kulipia deni. Katika Utah, kufikia mwaka 1933, zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi hawakuwa na kazi.

Mwezi wa Desemba 1930 ilifungwa benki moja kubwa ya New York iliyokuwa na watu zaidi ya 400,000 walioweka fedha zao humo. Habari ile ilitambaa kama moto wa makuti. Toka 1930 hadi 1933, benki zipatazo 9,000 zilifungwa Marekani, nyingi zikiwa za miji midogo na vijiji.

Yafaa tueleze kwa nini benki isiyo na wizi wala ubadhirifu inaweza kufa kwa uvumi. Shilingi unayoiweka benki haikai kwenye sanduku ikikungoja. Sehemu ndogo hubaki dukani kwa mahitaji ya kila siku. Iliyobaki hukopeshwa mwenye shamba, mwenye duka na mwenye kujenga nyumba. Mali ipo, lakini ipo katika ardhi, mifugo na mawe. Haiwezi kugeuzwa noti kabla ya saa sita mchana.

Mfano wake ni jahazi baharini. Abiria wakikaa mahali pao, jahazi hustahimili mawimbi. Mtu mmoja akipiga kelele kwamba maji yanaingia, wote wakakimbilia ubavu mmoja, jahazi hupinduka hata kama halikuwa na tundu.

ASUBUHI YA MLOLONGO

Mwaka huo wa 1931 benki nyingine ya Ogden, iliyoitwa Ogden State Bank, iliishiwa nguvu. Eccles alipata habari mapema kuwa jirani yake hatafungua mlango, naye akajua mara moja kitakachofuata. Watu wakikuta mlango ule umefungwa, watavuka barabara waje kwake.

Kabla ya kufungua aliwakusanya makarani wake wote, akawaagiza mambo ambayo hawakuwahi kuagizwa. Watabasamu, wazungumze habari za hali ya hewa, wala wasioneshe dalili ya hofu. Madirisha ya kulipia akiba, ambayo kwa kawaida yalikuwa matatu, leo yatakuwa manne, wala hata moja lisifungwe kwa dakika moja, kwani dirisha likifungwa watu watadhani fedha zimekwisha. Hapana atakayetoka kwenda kula. Chakula kitaletwa humo humo ndani.

Kila atakayetaka fedha zake alipwe, lakini alipwe polepole. Ingawa karani anamjua mteja kwa sura na jina la baba yake, leo aende akatafute kadi yenye sahihi yake, ailinganishe, tena asifanye haraka. Na anapolipa asitoe noti kubwa. Atoe noti za dola 5 na dola 10, na azihesabu taratibu. Aliwaambia wazi kwamba siku ile hawawezi kuuvunja mlolongo. Wawezalo ni kuupunguza mbio tu.

Milango ikafunguliwa, na watu wakamiminika. Ukumbi ulijaa, ukawa hauna pa kukanyaga. Wakati huohuo Eccles alikwisha kuomba fedha kutoka tawi la Federal Reserve, yaani Benki Kuu ya Marekani, lililokuwa katika mji wa Salt Lake City, upande wa kusini.

Saa nane mchana zikapita. Desturi ya benki ilikuwa kufunga saa tisa. Watu waliokuwa nyuma walitazama saa ya ukutani wakaanza kusukumana, maana kila mmoja aliona kuwa zamu yake haitafika. Hapo ndipo gari la chuma lilipowasili na mifuko ya noti, nayo ikapitishwa katikati ya umati machoni pa watu wote.

Eccles akapanda juu ya kaunta, akanyoosha mkono. Aliwaambia kuwa ameona wamesimama muda mrefu na wanasukumana bila haja. Kwa sababu hiyo benki haitafunga saa tisa. Itakaa wazi mpaka atakapoondoka mtu wa mwisho anayetaka kutoa fedha au kuweka. Akaongeza kwamba gari limeleta fedha nyingi kutoka Salt Lake City, na kwamba huko zilikotoka zipo nyingine tele.

Kisha akamwita afisa wa Benki Kuu aliyefuatana na gari lile, Morgan Craft, naye akapanda kaunta akathibitisha maneno yale. Umati ukatulia. Baadhi waliondoka kwenye mlolongo wakaenda zao, wakiona kwamba hapana maana ya kusimama kutwa kudai kitu ambacho hakikimbii.

Lakini Eccles alijua kuwa usiku una mengi. Watu watalala wakiwaza, na asubuhi watarudi. Basi siku ya pili aligeuza amri zake zote. Benki ilifunguliwa saa mbili badala ya saa nne, na makarani waliambiwa walipe upesi kabisa, kwa noti kubwa, bila kutafuta kadi yoyote. Shabaha ilikuwa moja: apitaye barabarani asione mlolongo. Palipokosekana mlolongo, pakakosekana hofu. Mbio zikaisha, na benki zile zikabaki wazi.

JE, ILIKUWA HAKI?

Hapa msomaji ana haki ya kuuliza. Alitumia hila au hakutumia? Kuchelewesha malipo kwa makusudi si tendo la kusifiwa. Na kuhusu maneno yale ya kaunta, Eccles mwenyewe alikiri baadaye katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa mwaka 1951. Ilikuwa kweli kwamba Salt Lake City zilikuwapo fedha nyingine tele. Ila hakuwaambia watu kama yeye angeweza kupewa zote.

Kwa upande mwingine, hakumnyima mtu hata mmoja. Kila aliyefika dirishani alilipwa chake kamili. Angalifunga mlango, wa kwanza wangalikwenda na fedha, na wajane na wazee waliochelewa kupata habari wangalipata hasara yote.

Waislamu wa pwani hatuwi wageni wa swali hili. Mbali na suala la riba, ambalo hukumu yake inajulikana, fiqhi yetu hutofautisha vitu viwili ambavyo watu wa benki huvichanganya. Amana hukaa kama ilivyowekwa, na ikipotea bila uzembe wa mtunzaji, halipi. Lakini mali uliyoruhusiwa kuitumia ni deni shingoni mwako, ipotee isipotee.

Sahaba Zubeir bin Al-Awwam, watu walipomletea mali awawekee, alikuwa akiwaambia kuwa si amana bali ni mkopo, kwa vile alichelea isije ikapotea na mwenyewe akakosa haki. Alipokufa aliacha deni la 2,200,000, na mwanawe Abdalla akalilipa lote kwa kuuza ardhi. Kisha kwa miaka minne akatangaza katika msimu wa Haji kwamba mwenye kumdai Zubeir aje alipwe, ndipo akawagawia warithi. Hapana aliyekimbilia mlango wake, kwa kuwa kila mmoja alijua kuwa atalipwa. Kumbe siri ya kutuliza umati ni ileile, Madina na Ogden: mwenye kudai awe na yakini.

FUNZO LILILOMKERA

Mji ulimshukuru Eccles, na benki zake hazikumpotezea mtu akiba yake katika miaka yote ya dhiki. Hata hivyo yeye hakuridhika. Alijitazama akaona kuwa ili benki yake iwe na noti za kutosha, ilimbidi awabane wakopaji. Aliwadai wakulima waliposhindwa kulipa, na akawanyima mikopo wafanyabiashara waliokuwa wazuri. Kila benki nchini ilifanya hivyo hivyo. Kila moja ilijiokoa kwa kumsukuma jirani, na aliyesukumwa akashindwa kununua kwa mwingine, mpaka nchi nzima ikazama zaidi. Ni jahazi lilelile, abiria tu ndio walikuwa wakubwa zaidi.

Mtu huyu aliyelelewa na baba aliyeamini kwamba kila mmoja ajitegemee alibadilisha fikira zake. Mwezi wa Februari 1933 alikwenda Washington akasema mbele ya kamati ya Seneti kwamba mtu mmoja mmoja hawezi kuitoa nchi katika shimo lile. Ni serikali itakayobidi itie fedha mikononi mwa watu ili wapate kununua.

Mwezi uliofuata Rais Franklin Roosevelt aliapishwa, siku ya tarehe 4 Machi, huku benki zimefungwa karibu kila jimbo. Tarehe 6 akaamuru benki zote za nchi zifungwe kwanza. Jumapili ya tarehe 12 akazungumza kwa redio, akawaeleza watu kwa lugha ya kawaida jinsi benki inavyofanya kazi na kwamba zitakazofunguliwa ni zile zilizokaguliwa zikaonekana nzima. Kesho yake zilipoanza kufunguliwa, ilikuwapo milolongo kweli, lakini watu wengi walikuja kurudisha fedha walizokuwa wamezificha majumbani. Kutoka tarehe 1 Januari 1934 serikali iliweka bima: benki ikianguka, mwenye akiba alilipwa hadi dola 2,500. Baada ya hapo mbio za namna ya Ogden zikawa nadra.

Mwaka huo huo wa 1934 Eccles aliitwa kuiongoza Benki Kuu, ile ile iliyomletea gari la chuma. Aliiongoza hadi 1948, na alifariki 1977. Jengo la makao makuu yake mjini Washington lilipewa jina lake.

Kwetu Kenya mfuko wa kulinda fedha za wateja wa benki ulianzishwa katika miaka ya 1980, na mwaka 2020 kiwango kilipandishwa kutoka Sh100,000 hadi Sh500,000 kwa kila mwenye akiba katika benki moja. Ni vyema kila mtu akijue kiwango hicho, kwani uvumi hauna hodi.

Tena siku hizi uvumi hautambai sokoni. Huruka kwa simu, na kabla ya adhana ya Adhuhuri umekwisha kufika Lamu na Vanga. Basi wewe uliyepokea habari kwamba benki fulani inazama, kabla hujaituma kwa jamaa zako kumi, uliza kwanza imetoka wapi. Huenda maji hayaingii, na wewe ndiwe utakayelipindua jahazi.