Uganda: Kijana aliyefiwa anahitaji ukweli

Usiku wa tarehe 16 Juni mwaka 2023, waasi wa kundi la ADF walivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha mjini Mpondwe, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Watu 42 waliuawa, wakiwemo wanafunzi 37. Bweni la wavulana lilichomwa moto, na baadhi ya miili ikaungua hata ikalazimu kutambuliwa kwa vipimo vya vinasaba.

Nyuma ya kila mwanafunzi aliyeuawa walibaki ndugu na wenzake wa rika moja. Huzuni ya vijana hao si rahisi kuonekana. Mtoto mdogo huweza kudhani kwamba marehemu atarudi. Kijana wa miaka 15 anajua kuwa kifo hakina marejeo, ila hajazoea kuubeba mzigo huo. Majonzi yake hujitokeza kwa hasira, ukimya, kukosa usingizi au kushuka kwa masomo. Huenda hata akacheka na wenzake siku moja baada ya mazishi. Huko si kukosa adabu. Moyo wake unapumzika kidogo. Aliyenusurika naye huweza kujilaumu kwa kubaki hai.

Msaada wa kwanza ni ukweli. Kauli kama "amesafiri" hugunduliwa upesi, na kijana huacha kuwaamini wakubwa wake. Hata pale majibu yanaposubiriwa, mzazi anaweza kusema: "Bado hatujajua. Tukijua, tutakwambia."

Pili, apewe nafasi katika msiba. Aulizwe kama anataka kwenda makaburini au kusoma wasifu wa marehemu, wala asilazimishwe. Tatu, mvulana asikatazwe kulia kwa sababu tu ni mwanamume.

Kijana akitamka kwamba anataka kufa, asiachwe peke yake, na apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya. Vivyo hivyo atafutiwe msaada akikataa chakula kwa siku nyingi, au akizama katika majonzi kwa miezi bila nafuu.

Shule nayo ina wajibu. Dawati la marehemu lisiondolewe kimyakimya kabla ya wenzake kurudi darasani. Mwalimu alitaje jina lake, kisha awaulize wanafunzi wangependa dawati hilo lifanyiwe nini.