Mafuta ya kiuno: tuulize mbele ya kulipa

Wababa na wamama wa kambi, jambo hili watu wanalisema chini-chini. Siku ya mushahara tunalisikia: mama fulani anakusanya dola, anataka munganga amutoe mafuta ya kiuno na ya mugongo chini, ayatie kwenye matako, apate umbo. Sisi wa sendika hatukuji kumucheka mutu. Mwili ni wake. Lakini feza ni ya nyumba nzima, na maisha hayana ya pili.

Kazi yenyewe inaitwa liposuksio. Munganga Yves-Gérard Illouz wa Paris ndiye aliieneza tangu mwisho wa miaka ya 1970, kwa mrija wa chuma usio na ncha kali. Nyuma, Jeffrey Klein wa Marekani alionyesha namna ya kujaza kwanza maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi na adrenalini, ili damu isitoke mingi. Mafuta yanavutwa, yanasafishwa, yanaingizwa matakoni kwa sindano. Sehemu yake mwili unaimeza tena katika miezi inayofuata. Na si dawa ya kupunguza kilo: inapanga umbo tu.

Hatari kubwa iko wapi? Ndani ya nyama ya matako munapita mishipa minene ya damu. Mrija ukiingia chini sana ukapasua mushipa, mafuta yanapanda mpaka kwenye moyo na mapafu, na mugonjwa anaweza kufa palepale mezani. Mwaka 2017, uchunguzi wa wanganga wa upasuaji ulionyesha kwamba vifo vinaweza kufika 1 kwa operesheni 3,000 hivi. Mwaka 2018 vyama vyao vikaonya: mafuta yabaki chini ya ngozi, yasiingie ndani ya nyama.

Sisi watu wa mugodi tunajua: hakuna anayeingia ndani ya shimo bila kuuliza nani alisimamisha mbao. Basi tuulize vilevile. Munganga alisomea upasuaji huu? Nani analala macho juu ya ganzi? Oksijeni na damu viko? Mafuta anayatia wapi? Akikasirika kwa maswali, tutoke.

Tuhesabu pia siku za nyuma. Juma mbili na zaidi mama haruhusiwi kukalia matako, na anavaa kaptula ya kubana majuma mengi. Yule anayeuza unga sokoni, nani atamukalia meza? Tena pumzi ikikatika, muguu mumoja ukivimba na kuuma, ao homa ikipanda, ni lopitali siku hiyohiyo, hata usiku.

Wale wanaochoma silikoni ao mafuta yasiyojulikana ndani ya nyumba, tusiwakaribie hata kwa bei ya bure. Silikoni ile inatembea mwilini, inaozesha nyama, na kuitoa yote ni vigumu sana.

Na siye wanaume, tupunguze kusifu umbo la jirani mbele ya bibi zetu. Mara nyingi deni hili linaanzia kwenye midomo yetu.